Mjomba, niache magari ya watalii Arusha nikafuate malori Mtwara?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni fundi magari, nina miaka 31, naishi Arusha na mke wangu na binti yetu wa miaka mitatu. Nafanya kazi kwenye gereji ya kampuni moja ya utalii. Mshahara wa kwenye karatasi ni shilingi 500,000. Msimu wa wageni nikitumwa Serengeti au Tarangire kufuata gari lililokufa porini, kuna posho. Nikiipiga kwa wastani inafika 150,000 kwa mwezi, kwa miezi minane hivi ya mwaka.

Shida yangu ni Aprili na Mei. Wageni wakikata, magari yanapangwa uani na sisi tunalipwa nusu mshahara. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga mipaka ya dunia, hata hiyo nusu hatukuiona kwa muda mrefu, na tangu hapo moyo wangu haujatulia kwenye kazi hii.

Sasa nimepata kazi Mtwara, kwenye gereji ya malori yanayobeba saruji na makaa ya mawe. Mshahara ni 900,000, mkataba wa miaka miwili, kuanza tarehe 1 Oktoba. Nyumba na nauli ni juu yangu.

Binamu yangu yuko huko tangu zamani. Ananiambia chumba na sebule chenye choo ndani ni 120,000, wakati hapa nalipa 180,000. Anasema samaki ni wa kumwaga na hakuna haya mambo ya kulala na sweta. Hilo la sweta limenigusa, maana binti yangu kila Julai anabanwa na kifua. Daktari amesema si pumu, ni baridi tu inamchokoza. Baba mkwe naye hataki hata kusikia. Anasema enzi zao mtumishi akikosana na wakubwa ndipo alipohamishiwa kusini, sasa mimi najihamisha mwenyewe kwa kosa gani?

Mke wangu ni fundi cherehani, ana kibanda na wateja wake. Akishatoa pango na vifaa habaki na chini ya 200,000 kwa mwezi. Nimepanga auze cherehani mbili, abaki na moja, tuondoke wote mwisho wa Septemba. Desemba tutapanda Rombo kama kawaida kula Krismasi na wazee.

Naomba unilinganishie, Mjomba: kwa gharama za maisha, kazi na hali ya hewa, afadhali ni kaskazini au kusini? Wanataka jibu Ijumaa ya wiki ijayo.

Fundi, Arusha

*

Marahaba, mjomba.

Tuanze na hizo laki nne ambazo naona zimeshakupa usingizi mtamu, kwa sababu si laki nne. Kwenye 900,000 wanakata kwanza asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 90,000. Inayobaki, 810,000, inaingia kwenye kodi ya mapato, nayo kwa viwango vya sasa inakula 80,500. Mkononi inakufikia 729,500. Ukiipiga hesabu hiyohiyo kwenye mshahara wako wa leo unapata 435,600. Pengo limeshashuka hadi 293,900.

Halafu weka mwaka mzima mezani, maana wewe mwenyewe umesema tatizo ni Aprili na Mei. Miezi kumi ya mshahara kamili, miwili ya nusu, na posho za porini za miezi minane: Arusha inakupa kama milioni 6 kwa mwaka. Mtwara itakupa 8,754,000. Tofauti ni milioni 2 na laki 7 na ushee, sawa na 229,000 kwa mwezi.

Sasa soma tena barua yako mahali ulipomtaja mkeo. Anabakiza 200,000 kwa mwezi. Ukimng'oa Septemba ukauza cherehani zake mbili, nyongeza yako yote inaishia kuziba pengo la kibanda chake. Utakuwa umesafiri kilomita 1,200 kwenda kuongeza 29,000, na humo bado hujalipa gari la mizigo. Barua yako ina maneno ya binamu, ina maneno ya baba mkwe, hata daktari kasema neno. Mama mtoto sijamsikia.

Kwa hiyo swali la kaskazini na kusini ukiliuliza kwa mshahara wako peke yako litakudanganya. Liulize kwa nyumba nzima na kwa miezi kumi na miwili. Mimi naona uende, lakini si kwa mpango ulioniandikia.

Baba mkwe msikilize kwa heshima, hakutunga. Nimewahi kuishi kusini kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, tukivuka Rufiji kwa kivuko, na mvua zikichachamaa unakaa upande uliopo mpaka Mungu apende. Barua ya uhamisho wa Lindi au Mtwara ilikuwa inaliza watu wazima. Siku hizi lami inatoka Dar es Salaam mpaka Mtwara, na nyingine inatoka Mtwara kupitia Masasi na Tunduru mpaka Songea na kuteremka Ziwa Nyasa. Ila usimcheke mzee moja kwa moja. Mei 2024, baada ya mvua kubwa na kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika, magari yakakwama siku kadhaa, na waliokuwa na haraka wakazungukia Songea. Kaskazini daraja likikatika kuna njia ya Tanga, kuna ya Dodoma kupitia Babati. Kusini mwa Rufiji njia ya pili ni ndefu mno, na wewe unakwenda kuishi kwa malori.

Binamu naye anasema kweli ya mtu aliyezoea. Samaki, pweza, mihogo na nazi utavipata kwa nafuu, na korosho utakula mpaka uzichoke. Lakini nyumba yenu imezoea ndizi, viazi, karoti, kabichi na maziwa. Arusha vitu hivyo vinateremka kutoka mlima wa jirani asubuhi. Mtwara viazi vinasafiri kutoka Njombe na Mbeya, na kila kilomita iko kwenye bei. Maziwa ndiyo yatakayokusumbua zaidi kwa huyo mtoto. Ukanda ule haukuwa wa ng'ombe, mbung'o walihakikisha hilo kwa miaka mingi, na ingawa wafugaji wameingia Lindi miaka ya karibuni, usitegemee muuza maziwa agonge mlango kila alfajiri kama huko kwenu. Mkikubali kula ya pwani mtaokoa. Mking'ang'ania kula Arusha mkiwa Mtwara, soko litawatoza faini kila siku.

Kodi ya 120,000 usiihesabu mpaka umeiona nyumba. Kusini kodi zina historia yake. Kati ya mwaka 2010 na 2014, gesi ilipokuwa ikigunduliwa baharini kila kukicha, Mtwara ilishikwa na homa. Viwanja vilipanda, watu walikopa wakajenga nyumba za kupangisha wazungu wa gesi. Bei ya mafuta duniani ikaanguka, mradi mkubwa wa gesi wa Lindi ukachelewa, bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015 na wajenzi wake wakaondoka, vyumba vikabaki na popo. Ndiyo maana leo unaweza kupata nyumba nzuri kwa bei usiyoiamini. Pia ndiyo maana mwenye nyumba akisikia fununu tu kwamba mradi wa Lindi unaanza, atakuja na bei mpya. Andikishianeni mwaka. Na kabla hujatoa ile kodi ya miezi sita, onja maji ya bomba au kisima, kwani karibu na bahari visima vingine vina chumvi. Arusha nayo ina yake, meno ya kahawia ya watoto wa pale ni madini ya floridi yanayotoka kwenye miamba ya Mlima Meru, kwa hiyo kama mnanunua maji ya kunywa ya dumu sasa, hiyo ni gharama mojawapo ambayo huenda ikapungua.

Kuhusu umeme watu wengi hukosea wakidhani joto lazima lile pesa kuliko baridi. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi kila usiku inakula uniti 18 kwa mwezi. Hita ya kuogea ya Arusha, ile ya wati 4,500 kwenye bomba la mvua, kwa dakika kumi tu kwa siku inakula uniti 22 na nusu, na watatu nyinyi hamtumii dakika kumi. Kwa feni mtakaa salama chini ya uniti 75 kwa mwezi, kwenye kundi la TANESCO la shilingi 100 kwa uniti. Ukifunga kiyoyozi umejitoa kwenye kundi hilo mwenyewe, na uniti inapanda zaidi ya mara tatu. Tafuta nyumba yenye madirisha yanayotazama upepo, basi.

Hali ya hewa yenyewe nikueleze kama fundi. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, Julai usiku unashuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Mtwara iko usawa wa maji: Januari hata usiku wa manane ni nyuzi 23 hivi, na unyevu wake unakulowesha ukiwa umekaa. Kaskazini mna mvua mbili, vuli na masika. Kusini ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, kisha pakavu. Juni hadi Agosti upepo wa kusi unavuma, hewa inakuwa nzuri kweli, na hapo ndipo binamu hupiga simu kuwasifia. Wewe utafika Oktoba, joto linapanda. Usiihukumu Mtwara kwa Desemba yako ya kwanza chini ya chesesi ya lori. Chumvi ya hewani nayo itakupa kazi: boliti ambazo Arusha zinafunguka kwa mkono, kule utazipiga nyundo.

Kifua cha binti huenda kikapata nafuu. Lakini hapa nataka uniangalie usoni, kwa sababu katika yote uliyoniandikia jambo kubwa kuliko mshahara hukulitaja. Mtoto wako amezaliwa Arusha, ambako maambukizi ya malaria kwa watoto wadogo yako chini ya asilimia 1. Mtwara, katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, ilikuwa miongoni mwa mikoa yenye maambukizi ya juu kabisa nchini. Watoto wa kule wameumwa na mbu tangu wachanga, miili yao imejenga kinga kiasi fulani. Wako hana hata chembe, na wewe na mama yake hali kadhalika. Kwa mtoto kama huyo homa haisubiri mpaka asubuhi: siku hiyohiyo anapimwa. Chandarua chenye dawa kiwe kimefungwa kabla ya begi kufunguliwa, madirisha yawe na wavu, na bima ya afya yake iwe inafanya kazi kule kabla hajapanda basi. Mwambie na mama yake asije akadhani ni mafua ya Julai yale aliyoyazoea.

Kazi. Umechoka na utalii kwa sababu unapanda na kushuka, na una haki. Ila saruji na makaa navyo vina mawimbi yake. Kiwanda kikubwa cha saruji cha Mtwara kimekuwepo tangu 2015 na watu hawataacha kujenga, huo ni mzigo wa kila mwezi. Makaa ya Ruvuma ni habari nyingine. Yalimiminika bandarini mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya nishati duniani. Bei ikishuka huko nje, lori la makaa linalala na fundi wake analala. Waulize waajiri wako lori ngapi ni za saruji na ngapi za makaa, usione haya. Fundi anayeuliza hivyo wanajua si wa kubahatisha.

Korosho hukuitaja, nami nashangaa binamu hakukuambia. Kusini fedha inatembea kwa kalenda ya korosho. Minada inaanza Oktoba, wakulima wanalipwa kupitia vyama vyao vya msingi, na kuanzia hapo mpaka Januari mji unabadilika: pikipiki mpya, mabati, harusi, nguo. Malori yote yanatakiwa kwa wakati mmoja kupeleka mzigo maghalani na bandarini, na magari yakitakiwa yote, fundi hatoki. Kwa hiyo Krismasi ya Rombo mwaka huu ifute. Sheria inakupa siku 28 za likizo kwa mwaka, lakini mwajiri ndiye mwenye neno kubwa juu ya lini, na Desemba hatakupa. Wazee waambie sasa hivi, wasije wakasikia tarehe 23.

Kalenda hiyohiyo ndiyo bahati ya mkeo, kama atataka. Fundi cherehani mzuri anayefika Mtwara au Masasi katikati ya mwaka ana miezi mitatu ya kujulikana kabla ya fedha ya korosho kushuka. Likizo za shule kuna jando na unyago, watoto wanavishwa, kina mama wanashona sare za vitenge kikundi kizima kwa mpigo. Akifika Septemba mwishoni na cherehani moja, hajui mtaa wala mtaa haumjui, msimu utampita akiutazama.

Basi mpango wangu ni huu. Wewe tangulia peke yako Oktoba, panga chumba kimoja cha kawaida, nyumba ya Arusha na kibanda vibaki kama vilivyo. Sababu si kodi tu. Kwa sheria yetu ya kazi, mwajiriwa ambaye hajatimiza miezi sita hana ile kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Miezi sita yako inaisha mwisho wa Machi. Kabla ya hapo usivunje nyumba ya watu watatu kwa ajili ya kazi ambayo bado wanaweza kukuambia haikufai. Aprili na nusu ya Mei ni mvua na barabara yake, waache walipo. Mei mwishoni au Juni mkeo aje kwanza kutembea, bila cherehani hata moja, aone soko, aulize bei ya mshono na pango la kibanda. Akikubali, hamieni Juni au Julai, njia kavu na hewa ya kusi, na binti awe ameikwepa baridi ya Arusha kwa wakati uleule inapomwanzaga. Cherehani zote tatu zije. Akikataa, una kazi ya miaka miwili ya kukusanya fedha, nyumba yako ipo Arusha na hakuna kilichouzwa.

Na usianze mambo ya kununua shamba la mikorosho mwaka wa kwanza, hata binamu akikuonyesha ekari za bei ya kutupa. Kuna kupulizia salfa kila mwaka kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kuna palizi, na kuna miaka kama 2018, wanunuzi walipotaka kununua kwa bei ya chini mpaka serikali ikaingia na kutangaza kununua kilo kwa shilingi 3,300, jeshi likapewa kazi ya kusomba. Kwanza ishi nao msimu mzima.

Kabla ya Ijumaa waandikie hao waajiri, upate jibu kwa maandishi. Omba wakusaidie malazi ya miezi mitatu ya mwanzo. Wakikataa hujapoteza kitu. Lakini hili la pili lisikose: mkataba utaje kwamba mahali ulipoajiriwa ni Arusha. Sheria inasema kazi ikiishia mahali tofauti na pale ulipoajiriwa, mwajiri anakurudisha wewe na mizigo yako au anakulipa gharama zake, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku unazosubiri usafiri. Ukisaini karatasi iliyoandikwa Mtwara kwa sababu tu umeisainia getini kwao, kilomita hizo 1,200 za kurudi zitakuwa zako. Saini ukiwa Arusha, na tarehe na mahali viandikwe.

Mjomba wako